Jinsi ya Kufuatilia Nasaba ya Familia ya Kisiasa ya Marekani Ukiwa Dar es Salaam: Mfano wa Ukoo wa Harrison

Koo zilizotoa zaidi ya rais mmoja wa Marekani ni chache: Adams, Harrison, Roosevelt na Bush. Mwalimu wa historia, mwanafunzi wa sayansi ya siasa pale Mlimani, au msomaji yeyote anayetaka kuelewa jinsi madaraka yanavyopita kutoka kizazi hadi kizazi katika nchi isiyo na mfalme, anaweza kuchora nasaba ya ukoo mmojawapo akiwa hapa hapa Dar es Salaam, kwa sababu sehemu kubwa ya hati zinazohitajika zimekwisha kuwekwa kwenye intaneti na kuzisoma ni bure. Ninapendekeza uanze na akina Harrison. Hawavumi kama akina Kennedy, na kwa kazi hii hilo ni jambo jema, kwani utasoma hati badala ya uvumi. Isitoshe, ukoo wao una karibu kila mtego ambao mtafiti wa nasaba hukutana nao: majina yanayojirudia, ndoa mbili mbili, maiti iliyoibwa kaburini, sensa iliyoungua, na shangazi aliye mdogo kwa umri kuliko mtoto wa kaka yake.

Tangu mwanzo zingatia kwamba nasaba haishikiliwi na marais. Inashikiliwa na watu waliosimama katikati yao, yaani wake, wakwe na watoto wasiojulikana sana, na kiungo kikikatika kitakatika hapo.

Anza na wa karibuni, kisha rudi nyuma

Wengi huanza na babu mkuu na kushuka, matokeo yake wakajikuta wamefuata mtoto asiye wake kwa kuwa tu majina yamefanana. Fanya kinyume. Chagua mtu wa karibuni ambaye taarifa zake hazina shaka, kisha panda kizazi kimoja kimoja, na usivuke kwenda kizazi kinachofuata kabla hujapata hati inayomtaja mtoto pamoja na mzazi wake. Katika ukoo huu mtu wa kuanzia ni William Henry Harrison aliyezaliwa Terre Haute, Indiana, mwaka 1896, ambaye aliiwakilisha Wyoming katika Baraza la Wawakilishi kwa nyakati tatu tofauti: 1951 hadi 1955, 1961 hadi 1965, na 1967 hadi 1969.

Nunua karatasi ya manila katika steshenari yoyote na utumie penseli, maana utafuta mara nyingi. Mtu wa kuanzia mpe namba 1. Baba wa mtu yeyote hupewa namba ya mtoto wake mara mbili, na mama hupewa namba hiyo ya baba ikiongezwa moja. Kwa hiyo Russell Benjamin Harrison, baba wa mbunge wetu, ni namba 2, na mama yake, Mary Saunders, ni 3. Benjamin Harrison, rais wa 23, ni namba 4, na mkewe wa kwanza, Caroline Scott, ni 5. John Scott Harrison ni 8 na mkewe Elizabeth Irwin ni 9. William Henry Harrison, rais wa tisa, anaangukia namba 16, na mkewe Anna Symmes ni 17. Benjamin Harrison aliyetia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776 ni namba 32, na mkewe Elizabeth Bassett ni 33. Kwa mpango huu mbunge wa Wyoming anaonekana mara moja kuwa kilembwe wa rais wa tisa: John Scott ni mtoto, Benjamin ni mjukuu, Russell ni kitukuu, naye ndiye wa nne kushuka.

Ninaupenda mpango huu kwa sababu unakulazimisha kuujaza upande wa akina mama, ambao vitabu vya siasa huuruka. Namba 6, baba yake Mary Saunders, ni Alvin Saunders, aliyekuwa gavana wa Nebraska kabla haijawa jimbo, kisha seneta wake kuanzia 1877 hadi 1883. Benjamin Harrison naye alikuwa seneta wa Indiana kuanzia 1881 hadi 1887. Mababu hao wawili walikaa katika Seneti moja kwa miaka miwili, na mwaka 1884 watoto wao wakaoana. Panda juu zaidi hadi namba 34 utamkuta Jaji John Cleves Symmes, baba yake Anna, ambaye alinunua eneo kubwa la ardhi kati ya mito miwili inayoitwa Miami huko Ohio. North Bend, ambako akina Harrison waliweka makao na kuzikana, ni sehemu ya ardhi hiyo. Anayefuata jina la Harrison peke yake ataona familia ya Virginia imehamia Ohio bila kuelewa kwamba ilifika kwenye ardhi ya mkwe.

Hati za kutafuta na mahali zilipo

Chanzo cha kwanza kiwe kamusi ya wasifu ya Bunge la Marekani, ambayo inatunzwa na Bunge lenyewe na inawataja wote waliowahi kuwa wajumbe tangu mwaka 1774. Kila ingizo hueleza kwa kifupi mahali na tarehe ya kuzaliwa, shule, vyeo na kifo, na mara nyingi hutaja ndugu waliowahi pia kuwa wajumbe. Hapo utampata rais wa tisa pamoja na baba yake, mwanawe, mjukuu wake, na hata kaka yake, Carter Bassett Harrison, aliyekuwa mbunge wa Virginia kuanzia 1793 hadi 1799. Hutampata Russell. Yeye alikuwa katika mabaraza ya kutunga sheria ya jimbo la Indiana, si Bunge la taifa, kwa hiyo kamusi inaruka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu na kuacha pengo katikati. Pengo hilo lizibe kwa magazeti ya zamani na nyaraka za Rais Benjamin Harrison, ambavyo vyote vinapatikana bila malipo katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Baada ya hapo ingia kwenye sensa. FamilySearch, tovuti inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hukuruhusu kusoma picha za daftari za sensa baada ya kufungua akaunti ya bure. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790, lakini daftari hizo hazifanani. Kuanzia 1790 hadi 1840 aliandikwa jina mkuu wa kaya tu, na wengine wote wakawa hesabu ya umri na jinsia. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina, lakini haisemi kijana aliye ndani ya nyumba ni mtoto, mpwa au mpangaji. Uhusiano na mkuu wa kaya ulianza kuandikwa 1880. Majina ya sensa hufungwa kwa miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022 na ya 1960 itasubiri hadi Aprili 2032.

Tofautisha picha ya daftari na mti uliochorwa na watumiaji wa tovuti hiyo. Mti wa watumiaji ni dokezo la mahali pa kutafuta. Hauwezi kuwa ushahidi, hata kama watu mia wameunakili. Picha hizo ni nzito kwa bando la simu, kwa hiyo pakua ukurasa unaouhitaji tu, uhifadhi, kisha uusome polepole bila intaneti.

Kuna mahali utakutana na ukuta. Sehemu kubwa kabisa ya sensa ya 1890 iliharibika kutokana na moto uliotokea Washington Januari 1921, na hivyo hakuna picha ya familia kati ya 1880 na 1900, miaka ambayo Benjamin alipanda hadi urais na Russell akaoa. Mahakama ya kaunti ya Hamilton, Ohio, iliyotunza wosia na kumbukumbu za ndoa za eneo la North Bend na Cincinnati, ilichomwa moto katika ghasia za Machi 1884. Kaunti ya Charles City huko Virginia, lilipo shamba la Berkeley alikozaliwa rais wa tisa mwaka 1773, ilipoteza kumbukumbu nyingi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Katika sehemu kama hizo tegemea barua, Biblia za familia, mawe ya makaburi na magazeti, na uandike wazi kwamba hati ya msingi haipo.

Majina na tarehe

Virginia ilikuwa na watu watano walioitwa Benjamin Harrison wakifuatana baba na mwana, na wa tano ndiye aliyetia saini Azimio la Uhuru. Mwanawe mkubwa akawa wa sita. Rais Benjamin Harrison hayumo katika mlolongo huo. Yeye ni kitukuu wa yule wa tano kupitia kwa mwanawe mdogo, William Henry. Kwa hiyo usimwandike Harrison yeyote bila mwaka wa kuzaliwa mbele ya jina lake. Katika hati za karne ya 18 usiamini pia alama za kutofautisha "mkubwa" na "mdogo", kwa sababu mara nyingi zilitenganisha tu watu wawili wa jina moja katika mtaa mmoja, ambao huenda walikuwa mtu na ami yake.

Tarehe nazo zinataka uangalifu mkubwa kwa msomaji wa hapa kwetu, kwani Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Mbunge wa Wyoming alizaliwa 8/10/1896 na kufariki 10/8/1990. Tukizisoma kama tulivyozoea tutasema alizaliwa Oktoba na kufariki Agosti, ilhali ni kinyume chake: 10 Agosti 1896 na 8 Oktoba 1990. Andika jina la mwezi kwa herufi kila mara. Kwa tarehe za kabla ya Januari 1752, kumbuka kwamba katika makoloni ya Uingereza mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo mtoto wa Februari anaweza kuonekana katika hati moja amezaliwa mwaka mmoja kabla ya ule unaotajwa katika nyingine.

Ndoa, mahali ambapo mti hukosewa

John Scott Harrison alioa mara mbili. Mkewe wa kwanza, Lucretia Johnson, alifariki mwaka 1830, naye akamwoa Elizabeth Irwin mwaka 1831. Benjamin, aliyezaliwa Agosti 1833, ni mtoto wa Elizabeth, na baadhi ya ndugu zake ni wa baba mmoja tu. Usiwaweke wote chini ya mama mmoja.

Ndoa za Benjamin mwenyewe ni ngumu zaidi. Caroline Scott alifariki Oktoba 1892, akiwa bado mke wa rais. Mwaka 1896 Benjamin alimwoa Mary Dimmick, mjane ambaye mama yake na Caroline walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwetu sisi Mary ni mtoto wa dada kwa Caroline, na ni dada kwa watoto wa Caroline, na sasa anakuwa mama yao wa kambo. Russell na dada yake, ambaye pia aliitwa Mary, hawakuhudhuria harusi. Mtoto wa ndoa hiyo, Elizabeth, alizaliwa 21 Februari 1897, miezi sita baada ya kuzaliwa kwa mbunge wetu, ambaye Elizabeth ni shangazi yake. Mtu anayepanga vizazi kwa kuangalia miaka tu atawaandika kuwa kaka na dada, au binamu. Chora mistari miwili tofauti kutoka kwa Benjamin, kila mmoja ukipitia kwa mke wake.

John Scott, mtu pekee katika historia ya Marekani ambaye baba yake alikuwa rais na mwanawe akawa rais, anakufundisha jambo kuhusu makaburi pia. Alifariki Mei 1878 na kuzikwa North Bend. Siku chache baadaye mwanawe mmoja, akiwa na jamaa yake, walikwenda katika chuo cha udaktari cha Ohio, mjini Cincinnati, kutafuta maiti ya kijana mwingine iliyokuwa imeibwa. Maiti waliyoikuta ikining'inia kwa kamba ilikuwa ya John Scott. Leo amezikwa katika kaburi la ukoo pamoja na baba yake. Kwa hiyo ukikuta maelezo ya maziko yanayopishana, usifute mojawapo haraka. Yaandike yote mawili na tarehe zake.

Waliofutwa kwenye daftari

Nasaba ya Berkeley haikamiliki bila watu waliomilikiwa pale kama watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa katika daftari la pekee chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Wengi wao wanaonekana kwa jina mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Tafuta majina yao katika wosia na orodha za mali. Familia ya Walter White, aliyekiongoza NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, hadi alipofariki mwaka 1955, ilikuwa na mapokeo kwamba upande wa mama yake unatokana na William Henry Harrison na mwanamke mtumwa aliyeitwa Dilsia. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya hilo. Mapokeo ya namna hii yaweke kwenye mti kwa mstari wa nukta nukta, na uandike pembeni nani aliyeyasimulia.

Chini ya kila jina andika hati uliyoitumia, ukurasa, na siku uliyoisoma. Pale unapokwama, waandikie watunza nyaraka wa kaunti au wa jimbo husika swali moja fupi lenye jina, mwaka na mahali. Ukitaka kuwapigia simu wa upande wa mashariki, saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi jioni hapa Dar es Salaam wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Walio hai usiwataje kwa jina katika nakala utakayoisambaza. Andika tu "mtoto, yu hai" kwenye kisanduku chake.