Kupunguza kelele kati ya vyumba vya kulala

Kuta za ndani za nyumba nyingi za ughaibuni si za tofali. Gonga kwa kidole: ukisikia mlio wa uwazi, hizo ni bodi za jipsamu zilizofungwa kwenye fremu, katikati hewa tupu. Kama umepanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya zamani, ukuta upimwe asbesto (nyuzi za madini zenye madhara kwa mapafu) kabla ya kukatwa.

Anza na matundu, kwa sababu sauti hupita popote hewa inapopita. Usiku zima taa chumba kimoja, mwenzako amulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya chini ya mlango au kwenye skatingi (ubao wa chini ya ukuta), ziba hapo. Soketi mbili zilizopeana mgongo nazo huvujisha sauti sana. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuzigusa. Mlango mwepesi wenye uwazi ndani huharibu kazi yote ya ukuta, basi weka mzito wenye mpira pembeni na chini.

Hatua ya pili ni uzito. Ukuta wa mita 4 kwa 2.4 unahitaji bodi 4 za mita 1.2 kwa 2.4. Chagua zile nzito za kuzuia sauti, unene milimita 12.5, uzifunge juu ya bodi zilizopo kwa skrubu za milimita 50 zinazoingia kwenye mbao za fremu. Maungio mapya yasiangukie juu ya ya zamani. Acha upenyo wa milimita 5 pembeni kote, uujaze mastiki (gundi ya kuzibia) inayobaki laini, kwani plasta hupasuka.

Ukitaka utulivu zaidi, bandua bodi za upande mmoja, jaza pamba ya mawe (nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe) bila kuikandamiza, funga reli za chuma zinazonesa kwenye fremu, kisha bodi juu ya reli. Hapa ndipo wengi huharibu: skrubu ishike reli tu. Milimita 25 inatosha kwa bodi moja. Ndefu zaidi ikigusa mbao, mtikisiko unapita moja kwa moja. Usifunge reli juu ya bodi ya zamani, kwani upenyo mwembamba wa hewa unaobaki unaweza kuzidisha sauti za besi.

Sponji na trei za mayai usinunue. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako tu. Sauti ya jirani inapita vilevile.