Waya wa umeme ukianguka mtaani kwenu

Masika ya Dar yakishika kasi, hasa huku kwetu bondeni upande wa Kigogo, upepo hulaza mti juu ya nyaya na waya ukabaki umelala kwenye dimbwi. Mwaka jana nilimshuhudia kijana ameshika fimbo ya fagio, anataka kuusogeza bodaboda zipite. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Fimbo iliyolowa hupitisha umeme, jamani, na waya usiotoa cheche bado unaweza kuwa na umeme.

Kaeni mbali angalau mita 10, watoto kwanza. Kama umeshajikuta karibu, usikimbie wala usipige hatua ndefu: umeme husambaa ardhini, na miguu ikiachana unapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Bana miguu pamoja, uburuze nyayo polepole bila kuzinyanyua hadi ufike mbali. Aliyenaswa usimguse kwa mikono, hata akiwa mwanao, mpaka umeme ukatwe.

Kisha piga TANESCO, 180, ni bure. Wape jina la mtaa, alama ya karibu (msikiti, shule, duka la Mangi) na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ikiwa inasomeka ukiwa mbali. Mjulishe na mjumbe, aweke watu wa kuzuia njia pande zote mbili mpaka mafundi wafike. Na mafundi wa TANESCO wakialikwa kwenye mkutano wa mtaa, nendeni na watoto.