Namna ya Kuandika Wasifu wa Bibi Aliyependa Safari

Wasifu unaosomwa msibani huku kwetu Mbeya mara nyingi huishia kwenye kuzaliwa, ndoa, idadi ya wajukuu na ugonjwa. Hayo yaandikwe kwa aya moja tu.

Kwa mama aliyependa safari, nafasi kubwa ipewe njia alizopita: alikwenda na nani, alibeba nini, alirudi na habari gani. Muulizeni kwanza mumewe, kwa upole na faragha, kisha wenzake wa kikoba, ambao aghalabu wanajua yale ambayo watoto hawakuambiwa. Miaka ikiwa imesahaulika, ipimeni kwa matukio: reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, na Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kusema “alikuwa jasiri” hakumwonyeshi mtu. Lakini mkiandika kwamba alijifunga kitenge kiunoni, akavaa raba za mwanawe na kuwatangulia vijana hadi Ziwa Ngozi, kila aliyemfahamu atamwona.

Msomaji awe mjukuu mwenye sauti ya kusikika, na ajizoeze mapema, maana machozi hukatiza maneno. Nakala ihifadhiwe pamoja na picha zake, zikiwa zimeandikwa majina na mwaka kwa nyuma.