Laini mbili kwenye MikroTik: angalia FastTrack kwanza

Wenzangu mnaofunga mitandao, kama ruta ya MikroTik ina laini mbili za intaneti, faiba na 4G ya akiba, na umeweka alama za njia (routing mark) ili mashine fulani zipite laini fulani lakini mambo yanakwenda kombo, usikimbilie kumlaumu mtoa huduma. Juzi nimekesha kwenye saiba moja hapa Majengo: ukurasa unaanza kufunguka, faili kubwa inakwama katikati. Alama zote sahihi, nimezikagua mpaka macho yakauma. Kumbe ni ile sheria ya FastTrack, njia ya mkato ya kuharakisha data, inayokuja na usanidi wa kiwandani. Muunganisho ukishakubaliwa, pakiti zake (vipande vya data) zinarushwa bila kupita mangle, sehemu ya firewall inayoweka alama, kwa hiyo alama haziwekwi, na zinaangukia njia kuu. Izime, au iwekee connection-mark=no-mark ishike zisizo na alama tu.

Toleo la 7 la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta hizi, nalo linataka uunde jedwali la njia kwanza, na fib uitie tiki ili ruta ilitumie jedwali hilo kupeleka pakiti.

Upande wa NAT, yaani kubadilisha anwani za pakiti, kila laini iwe na sheria yake ya masquerade (inayozipa pakiti anwani ya ruta) iliyotaja out-interface, yaani mlango wa kutokea. Ukiiacha wazi, hata trafiki kati ya mtandao wa ofisi na wa wageni inabadilishwa anwani, na kwenye logi ya kamera kila mtu anaonekana ni ruta. Ukishabadilisha, futa miunganisho ya zamani pale kwenye orodha ya Connections ya firewall, maana NAT huamua kwa pakiti ya kwanza tu. Mimi hapo ndipo nilipopoteza saa nzima.