Mkulima wa mwani, panga muda wako kwa bamvua

Nimeandika haya baada ya kumsaidia binti mmoja hapa Mlingotini, Bagamoyo. Alikuwa na shamba la mwani, watoto na kikao cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), na vyote vilikuwa vikimgongana siku moja. Kila aliyemshauri alimwambia apange wiki yake, Jumatatu hadi Jumapili. Kwetu haifai, maana shambani tunaingia wakati wa bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukijiwekea "saa tatu niko shambani", baada ya siku chache utakuta maji ya kifua.

Hatua ya 1. Nunua daftari na penseli. Wino ukilowa, ukurasa umekwenda.

Hatua ya 2. Weka alama za bamvua. Ukifuata tarehe za Kiislamu ni rahisi: mwezi ukiandama, na ukifika kumi na tano. Maji hupwa sana siku moja au mbili baada ya hapo. Kati ya bamvua mbili ni maji mafu, yasiyopwa sana.

Hatua ya 3. Andika saa ya maji kupwa. Hapa ndipo tulipokesha, kwa hiyo nitasema kwa urefu. Jedwali la maji kujaa na kupwa la mamlaka ya bandari hutumia saa 24. Ukiona 10:20, toa sita: ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. 16:00 ni saa kumi jioni. Za usiku ziruke, hutaingia baharini gizani. Lakini ukitumia programu ya simu, angalia kwanza saa zake ni za wapi. Nyingine huonyesha saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Itakwambia 07:20, uamke mbio, ufike ukute bahari imejaa, wakati maji yatatoka saa nne na ushei. Usiamini mpaka umejaribu: chagua siku moja, nenda ufukweni mapema, tazama maji yanasimama saa ngapi, linganisha. Tena usisome saa peke yake, soma na mita. Kila siku maji hupwa mara mbili, hata ya maji mafu, ila kupwa kwa mita 1.4 si sawa na kupwa kwa 0.3. Binti yule alikuwa ameandika zote bila kubagua, daftari likajaa siku ambazo vigingi havionekani kabisa. Zungushia duara zile za mita ndogo tu. Na saa uliyoiandika ndiyo ya mwisho wa kupwa, si ya kutoka nyumbani. Mimi huingia muda wa saa mbili kabla ya hapo, nikiyafuata maji yanavyotoka, na maji yakianza kurudi nafunga mzigo.

Hatua ya 4. Hesabu bamvua, usihesabu wiki. Ukifunga mbegu bamvua hii, vuna ya tatu baada yake. Ni siku 44 hivi. Ukiwahi ya pili unavuna maji matupu. Ukingoja ya nne, mwani unajikatikia na mawimbi yanaubeba. Faida ya daftari niliiona hapa hasa: kamba zilezile, mbegu ileile, mzigo unaongezeka.

Hatua ya 5. Mengine yote yapeleke maji mafu: kliniki, shamba la muhogo, kukata taitai (vikamba vya kufungia mbegu), kwenda mjini. Kuanika kunataka jua la siku mbili tatu, kwa hiyo usijipangie safari mara tu baada ya kuvuna, na masika ongeza siku, maana mvua ikiupiga mwani uliokauka, umeharibika. Anika kwenye chanja. Wanaoanika mchangani sibishani nao, mnunuzi atawaambia.

VICOBA ndiyo iliyobaki. Kikao cha kila Jumatano lazima siku moja kiangukie bamvua, na faini ya kuchelewa iko palepale. Mpelekee mwenyekiti daftari lenye duara za miezi mitatu, muombe kikao kihamie maji mafu. Kwetu wanachama wengi ni wakulima wa mwani, hakuna aliyepinga.