Kuhudumia mvinyo wa Kihispania Zanzibar bila kuonja hata tone

Wahudumu wengi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje ni Waislamu na hawanywi pombe. Hilo halimzuii mtu kuimudu kazi hii, kwani kuonja ni kwa mgeni. Mhudumu anatakiwa kujua zabibu gani imo chupani, chupa iwe baridi kiasi gani, na chakula gani kinaelewana nayo. Yote matatu hujifunzwa kwa macho, pua, kipimajoto na kusoma lebo.

Anza na lebo. Shamba dogo linalolima zabibu zake na kuzikamua lenyewe mara nyingi huandika «embotellado en la propiedad», kwamba mvinyo umetiwa chupani palepale. «Cosecha» au «añada» hutangulia mwaka wa mavuno. «Blanco» ni mweupe, «tinto» mwekundu, «rosado» wa waridi. Neno «joven» humaanisha mvinyo mchanga, ambao haukupita kwenye pipa la mwaloni au ulipita kidogo tu. Kwa mwekundu wa Rioja, eneo la mvinyo kaskazini mwa Uhispania, «crianza» umekaa miaka 2 kabla ya kuuzwa, angalau mmoja pipani. «Reserva» ni miaka 3 na «gran reserva» ni 5. Kadiri pipa linavyozidi, ndivyo mvinyo unavyotaka nyama na kukataa samaki.

Joto ndilo linaloharibu zaidi huku kwetu. Ushauri wa kuhudumia mwekundu kwa joto la chumba ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Ukumbi wa wazi ufukweni wakati wa kaskazi hupita nyuzi 30, na katika joto hilo mvinyo mwekundu hunuka spiriti, ladha ya tunda ikapotea. Lenga nyuzi 14 hadi 16 kwa mwekundu, 8 hadi 10 kwa mweupe na waridi, 6 hadi 8 kwa kava, mvinyo wa Kihispania wenye mapovu.

Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, pamoja na konzi ya chumvi. Barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu na kwingine kubaki hewa. Maji huizunguka yote, na chumvi huyafanya yawe baridi kuliko barafu inavyoweza peke yake. Chupa yenye joto la ukumbi inahitaji kama dakika 20 hadi 25 ikiwa ni mweupe, na kama 10 ikiwa ni mwekundu. Usitegemee friza: chupa ikisahaulika humo, mvinyo hutanuka, kizibo kikasukumwa nje au kioo kikapasuka. Kava ndiyo ya hatari kuliko zote. Ukiifungua, ielekeze mbali na watu, shika kizibo kwa kitambaa, kisha zungusha chupa yenyewe polepole.

Sasa chakula. Zabibu ya Albariño hutoka Rías Baixas, katika jimbo la Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania, kwenye mvua na upepo wa Atlantiki. Huko mizabibu mingi hupandishwa juu ya nguzo za mawe ili hewa ipite chini na ukungu usishike. Watu wa Galicia ni walaji wakubwa wa pweza: humchemsha, humkata vipande, humtia mafuta ya zeituni, chumvi na paprika. Kwa hiyo mgeni akiagiza pweza, ngisi wa kuchoma au kamba wa ndimu, mpe Albariño bila kusita. Uchachu wake hukata mafuta, hivyo unafaa hata pweza wa nazi. Zabibu ya Verdejo kutoka Rueda ina harufu ya majani na uchungu kidogo mwishoni. Iweke kwa changu wa kupaka mwenye ukwaju.

Mwekundu mzito na samaki usivichanganye. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo huamsha shombo, na tanini, itokayo kwenye maganda ya zabibu, huleta ukakasi, ule wa bibo. Mgeni akishikilia mwekundu kwa jodari wa kuchoma, mpe mvinyo mchanga wa zabibu nyekundu ya Garnacha uliopoa vizuri.

Pilau ya nyama ndiyo meza ya «crianza». Mbao za mwaloni za pipa, zilizochomwa kwa ndani, hutoa yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Ndiyo maana mvinyo wa Tempranillo, zabibu kuu nyekundu ya Rioja, uliokaa pipani huelewana na sahani yenye karafuu na mdalasini, na mafuta ya nyama hulainisha ukakasi. Mishkaki nayo inafaa hapa, mradi pilipili isizidi. Pilipili na pombe huchocheana: mvinyo mwekundu wa zabibu ya Monastrell kutoka Jumilla, kusini mashariki mwa Uhispania, wenye asilimia 14 au 15 ya pombe, utaufanya mdomo uwake. Kwa chakula kikali toa kava, na kwa urojo vilevile, kwa sababu ule uchachu wa embe na ndimu huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane umepooza.

Kwenye halua kanuni ni moja: mvinyo uwe mtamu kuliko kitafunwa. Pedro Ximénez wa Andalusia, uliotokana na zabibu zilizoanikwa juani, ndio unaoiweza. Mililita 50 zinatosha. Mvinyo mwingine mimina mililita 150, na chupa ya 750 itatoa glasi 5.

Jambo moja la jikoni: mpishi asitie mvinyo kwenye mchuzi bila menyu kusema hivyo. Yupo mgeni, na yupo mfanyakazi mwenzako, asiyetaka hata tone.

Mgeni akilalamika, usibishane. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, na chupa hairekebishiki. Kizibo kilichochomoza na michirizi ya mvinyo shingoni huonyesha chupa ilipikwa na joto, pengine ndani ya kontena lililokaa juani. Kagua hilo siku ya kupokea mzigo, kabla ya kutia saini. Chembe nyeupe kama sukari chini ya chupa hazina madhara. Ni chumvi ya tindikali ya zabibu iliyoganda kwa baridi.

Stoo iwe na giza, mbali na jiko, karibu na nyuzi 14 kadiri umeme unavyoruhusu, na chupa zenye kizibo cha gome zilale ili kisikauke. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa friji ya mvinyo. Agiza kidogo kidogo, hasa Desemba hadi Machi. Chupa iliyofunguliwa irudishiwe kizibo na kuwekwa kwenye friji, ukiandika tarehe shingoni: mweupe na mwekundu siku 3, kava siku 1 au 2 ikiwa na kizibo chake maalumu, Pedro Ximénez wiki kadhaa.