Jinsi ya Kutembea Usiku Katika Mji wa Kale wa Lamu

Anayetaka kutembea Lamu usiku kwa kupunga upepo tu, bila shughuli inayomtoa nyumbani, aanze kwa kuchagua usiku wenyewe. Wengi hungoja mwezi mpevu, nao si uchaguzi bora kwa mtu asiyetaka kukesha. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, ni vyembamba, na kuta za nyumba za mawe zimeinuka pande zote mbili, kwa hiyo mbalamwezi haifiki chini mpaka mwezi uwe utosini. Mwezi mpevu huchomoza upande wa kisiwa cha Manda jua linapotua, na hufika juu kabisa karibu na saa sita usiku, wakati ambapo hata kahawa imekwisha. Tarehe 11 au 12 ya mwezi mwandamo ni afadhali zaidi, kwa kuwa mwezi huwa juu ya mapaa kati ya saa tatu na saa nne, na mji bado una watu macho.

Toka baada ya sala ya Isha. Mahali pa kuanzia ni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ambako wazee hukaa barazani wakizungumza na kuna kahawa chungu ya tangawizi. Kunywa kikombe kimoja bila haraka, kisha zima tochi ya simu na uitie mfukoni. Jicho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza sawasawa, na kuangalia kioo cha simu mara moja tu hukurudisha mwanzo. Kwa hiyo tembea kwanza katika Usita wa Mui, njia kuu yenye maduka na taa, halafu ingia kichochoro chochote kinachopanda kuelekea magharibi, kwenye giza zaidi.

Hofu ya kupotea isikuzuie. Mji huu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwenye mteremko mwepesi unaoshukia baharini, na njia zake kubwa zinafuata ufuo huku vichochoro vikizikata kuteremkia majini. Mifereji ya maji iliyo kandokando ya njia hufuata mteremko huo huo, basi ukichanganyikiwa, tazama maji yanakoelekea, nawe utatokea pwani. Ishara ya pili ni misikiti. Kibla ya Lamu, yaani upande wa Makka wanakoelekea wanaosali, iko karibu kaskazini kabisa, na mara nyingi mihrabu, kibanda cha ukutani anaposimama imamu, hutokeza nje ya ukuta. Ukitazama upande inakoelekea, bahari iko mkono wako wa kulia. Mimi ningependa mgeni ajifunze haya kabla ya kufungua ramani ya simu, ambayo katika vichochoro hivi hurukaruka na kumtia mtu wasiwasi wa bure.

Adabu ndiyo sehemu inayotaka uangalifu mkubwa, kwa sababu usiku mtu hupita karibu mno na maisha ya watu. Madirisha yako wazi kwa ajili ya upepo, na sauti za ndani hufika njiani kama zilivyo. Usisimame chini ya dirisha, wala usiketi kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la mtu asiyekukaribisha, hata kama benchi lake la mawe ni tupu. Baraza za Mkunguni na za ufukweni zinatosha. Unapofikia wikio, yaani chumba kilichopita juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine, giza huwa totoro: kohoa kidogo au toa salamu kabla ya kuingia, ili anayekuja upande wa pili asishtuke. Ukikutana na mtu, anza wewe kwa "Assalamu alaikum" au "Masalkheri", na ukiwa kijana mbele ya mzee, mwachie upande mpana wa njia. Wanawake wanaopita wapewe nafasi na wasikodolewe macho.

Vaa ndara zenye soli laini, kwa sababu viatu vigumu hugonga na mwangwi wake hukuzibia kila kitu kingine. Ukinyamaza ndipo utakaposikia maji yakimiminwa ndani ya birika, redio ya chumba cha juu, na punda akipumua kabla hujamwona. Punda huyo pengine amesimama kukingama kichochoro kizima, amelala. Usimpitie nyuma ghafla. Sema naye kwa sauti ya chini, mwekee mkono begani, umsukume taratibu, naye atasogea kwa wakati wake. Harufu ya asmini na ya udi hutoka milangoni, ikipishana na ya samadi, na anayeikasirikia hiyo ya mwisho amekuja mji usiomfaa.

Teremkia pwani mwishoni, lakini ujue maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa nne usiku huwa ni karibu na kupwa, majahazi na mashua zimelala ubavu kwenye matope. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, bahari huwa imejaa saa hizo, ingawa haijai sana. Kabla ya kutoka, muulize mwenyeji wako hali ya usalama ilivyo, kwani mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, mji ulio bara ya kaunti ya Lamu, kaunti iliwekewa kafyu ya usiku kwa miezi kadhaa, na kafyu ikarudi tena 2017.

Mwenye hamu ya mwendo mrefu anaweza kwenda kijiji cha Shela, yapata kilomita tatu kwa njia ya ufukweni. Usiku njia hiyo haina watu, na maji yakijaa huifunika baadhi ya sehemu, kwa hiyo nenda na mwenyeji, maji yakiwa yametoka, na mpatane na nahodha wa boti kabla ya kuondoka Lamu kuhusu saa na bei ya kuwarudisha.